Kidani na Makasha Mawili

Sefu ilikuwa wazi. Kwenye rafu ya chini pete na bangili zilikuwa zimepangwa vilevile zilivyoachwa jana. Kwenye rafu ya juu kulikuwa na kitambaa cheusi cha mahameli, na juu ya kitambaa hicho hapakuwa na kitu.

Inspekta Kupe alichuchumaa mbele yake, mikono mgongoni, akatazama. Hakuna mkwaruzo kwenye mlango. Hakuna kufuli lililovunjwa. Mwizi aliingia, akabonyeza namba zilizo sahihi, akachukua kitu kimoja, akaondoka zake.

Hilo jina la Kupe hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wezi. Walisema mwanamke yule akikunasa hakuachii mpaka ashibe. Mwingine angeliona tusi. Yeye alilipokea kama nyota ya tatu begani, na ukimwita hivyo mbele za watu anaitika kwa sauti.

"Afande, unachungulia nini tena?" Sonara alikuwa amesimama nyuma yake, anahema. "Mwizi si yule pale? Mfunge pingu tuondokane!"

Sonara huyo mtaa mzima ulimwita Mkono wa Dhahabu. Mtu mnene, shati limepigwa pasi hadi linakata, mikono mfukoni. Kidani kilichoibwa kilikuwa cha nyuzi za dhahabu zilizosukwa nyembamba kama nywele, na kesho yake kilitakiwa kuwa kwenye maonyesho ya masonara, chini ya kibao chenye jina lake. Wenzake wote wa kazi walikuwa wameshakisikia. Baadhi walishaanza kukiogopa.

Na "yule pale" alikuwa msichana mmoja, ameketi kwenye stuli karibu na mlango, begi la kompyuta magotini, Sajini amesimama kando yake. Huyo ndiye Fundi. Kompyuta zote za mtaa ule zilipita mikononi mwake: ya duka la dawa, ya mshonaji, ya muuza mikate pale mwisho. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye meza moja, na halikusimama juu ya mtaji. Lilisimama juu ya jambo moja tu, kwamba watu walimwamini.

Sasa nje ya kioo cha karakana watu walikuwa wamejazana, na Mkono wa Dhahabu alikuwa ameshawatangazia. Simu ya Fundi ilikuwa haitulii. Aliipokea mara moja, Inspekta akasikia sauti ya mshonaji.

"Sikiliza mwanangu, si kwamba sikuamini. Lakini paswedi zangu ulizoweka, nizibadilishe au?"

Fundi alikata simu. Hakulia. Alinyoosha mgongo tu, akaitazama sefu.

Inspekta alipenda mgongo ule. Lakini hata wezi wana migongo, kwa hiyo akaanza pale panapoanzwa.

"Mzee, namba za sefu zinajulikana na nani?"

"Na mimi peke yangu."

"Zitaje."

Sonara aliitazama sefu, kisha dari.

"Sizijui kwa kichwa, afande. Ni ndefu. Ziko kwenye kasha."

"Basi hazijulikani na wewe. Zinajulikana na kasha. Kasha gani?"

Mkono wa Dhahabu alitoa simu kwa vidole viwili, akaiweka upesi juu ya meza, akarudisha mkono mfukoni. Alieleza kama mtu anayesoma somo alilolikariri. Lilikuwa kasha la kwenye simu, programu ya kutunza nywila. Ndani yake mliwekwa siri zote za karakana: benki, barua pepe, namba za sefu. Lenyewe lilifungwa kwa nywila moja kuu, nayo hiyo alikuwa nayo kichwani. Kwa miaka mingi alitumia kasha moja. Wiki iliyopita akahamia jingine, zuri zaidi.

"Nani alikuhamisha?"

"Nani mwingine? Huyo!" Kidevu kikaelekea kwenye stuli. "Alitoa kila kitu kule akaleta huku. Kila kitu kilipita machoni pake. Wiki haijaisha, kidani hakipo. Afande, dalili ya mvua ni mawingu. Hata mtoto angejumlisha."

"Mimi si mtoto, kwa hiyo nitachelewa kidogo," alisema Inspekta. "Na kasha la zamani?"

"Nililifunga. Kwa mkono wangu huu."

Alisema hivyo kwa fahari, lakini mkono wenyewe hakuutoa.

Sajini alikuwa ameshamaliza kupiga unga wa alama za vidole kwenye vitufe vya sefu. Alimnong'oneza Inspekta kwamba hakuna alama ya maana, vitufe vimefutwa. Kulikuwa na kitu kimoja tu, rangi nyekundu imeingia kwenye kingo za vitufe, laini kama vumbi la matofali.

"Hiyo ni dawa ya kung'arishia dhahabu," Mkono wa Dhahabu alidakia. "Iko kila mahali humu. Utaikuta hata kwenye chai."

"Na kumbukumbu ya sefu inasemaje?"

"Imefunguliwa mara moja tu, alfajiri," alijibu Sajini. "Namba zimebonyezwa bila kukosea hata moja. Siku nyingine zote, afande, mwenyewe anakosea mara mbili, tatu, ndipo inakubali."

Mkono wa Dhahabu alikohoa.

"Mlango wa mbele una funguo ngapi?" aliuliza Inspekta.

"Mbili. Wangu, na wa dada yangu. Anakaa hapo juu. Lakini ufunguo unachongwa, afande, hasa na watu wa mikono myepesi."

"Dada yako anafanya nini hapa?"

"Dada? Ah." Alicheka kidogo. "Anasaidiasaidia. Anafagia, anapika chai, anang'arisha vitu vidogovidogo. Ni mjane, nimempa mahali pa kukaa. Simu yenyewe sijui kama anajua kuiwasha."

Inspekta akaomba aitwe. Akashuka ngazi mama mmoja mrefu, mkavu, mtandio umezungushwa mpaka kidevuni ingawa jua lilikuwa limeshaanza kuchoma. Mtaa wote ulimwita Shangazi, na hata Fundi alipomwona alisimama.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Alimwangalia Fundi muda mrefu kuliko salamu inavyotaka.

"Mama, ulisikia chochote alfajiri?" aliuliza Inspekta.

"Nilisikia ninayoyasikia kila siku."

"Mlango?"

"Mlango huu unalia kila siku. Nimemwambia kaka autie mafuta, mpaka nimechoka."

"Mikono yako ina rangi."

Shangazi alitazama ncha za vidole vyake. Zilikuwa nyekundu mpaka ndani ya kucha, wekundu wa miaka, ule usiotoka kwa sabuni. "Si ndiyo kazi," alisema. Halafu akauliza yeye. "Huyu msichana mtamfanya nini?"

"Akikosa la kujibu, tutaondoka naye. Na akishatoka hapa na polisi, hata akirudi kesho, mtaa hautamrudishia kompyuta zao."

Inspekta alisema hivyo makusudi, na kwa sauti ya kawaida tu. Shangazi aliukaza mtandio shingoni. Akapanda ngazi polepole.

"Umeona?" alisema Mkono wa Dhahabu. "Hajui lolote, maskini."

Inspekta alikuwa ameona mengi, lakini hakuona njia. Mtu anaweza kuwa na ufunguo wa mlango na rangi vidoleni. Bila namba, sefu ni jiwe. Na namba zilikuwa ndani ya kasha.

Akaburuta kiti mpaka kwenye stuli.

"Haya, Fundi. Nywila yake kuu unaijua?"

"Siijui."

"Uliwezaje kuhamisha?"

"Aliiandika mwenyewe, mimi nimegeuza uso. Muulize. Nilitazama ukuta mpaka akasema tayari. Kazi hii, afande, ukianza kutazama vidole vya watu umekwisha."

"Lakini namba za sefu uliziona."

"Zilipita kwenye faili ndani ya kompyuta yake hiyo hapo, nikaliingiza kwenye kasha jipya, nikalifuta faili mbele yake. Sikulifungua. Ningetaka kuiba, afande, nina siri za mtaa mzima. Ningeanzia benki, siyo kwenye kidani ambacho kila sonara angekitambua. Ningemuuzia nani? Kipofu?"

Sajini alicheka, akakatiza kicheko kwa kikohozi.

"Ulikuwa wapi alfajiri?"

"Nyumbani na mama."

"Mama mzazi ni shahidi wa kila mwizi!" alidakia Mkono wa Dhahabu.

"Mzee, zamu yako imepita," alisema Inspekta bila kugeuka. "Fundi, kuhama kasha maana yake nini hasa? Nieleze kama unavyomweleza mteja."

Hapo msichana akachangamka. Inspekta akaona jambo alilokuwa analijua kwa wezi wachache sana na kwa mafundi wote wazuri: ukigusa kazi yake, anasahau kuogopa.

"Ni kuhama nyumba, afande. Umehamisha vyombo, sawa. Lakini hivi si viti, ni siri. Siri ukiihamisha, nakala inabaki kule ulikotoka. Nyumba ya zamani bado imesimama na vitu vyote vimo. Kwa hiyo kuna mambo mawili. La kwanza, badilisha namba za vitu vikubwa, benki na sefu. La pili, funga kabisa akaunti ya zamani, ivunjwe. Nilimwambia yote mawili. La kwanza alisema tusubiri maonyesho yapite, asije akachanganya namba. La pili alisema ameshafanya."

"Ulihakikisha?"

Fundi aliinamisha kichwa kwa mara ya kwanza. "Nilitaka. Nikasema, mzee naomba nione. Akaniuliza, unanifundisha kazi? Mimi nilianza kushika dhahabu baba yako hajaoa. Nikanyamaza. Mtu mzima yule, nilimheshimu."

"Uongo!" Mkono wa Dhahabu alinguruma. "Nililifunga! Mimi si mshamba!"

"Hakuna aliyesema hivyo, mzee." Inspekta aliinuka, sauti imekuwa tamu ghafla, na Sajini, aliyemjua, akajiweka sawa. "Nionyeshe tu ulivyolifunga. Chukua kasha hilo jipya, jifanye unalifunga. Usimalizie. Nataka nijifunze."

Hakuna mtego mzuri kwa mwenye kiburi kama kumwambia unataka kujifunza kwake. Mkono wa Dhahabu akatoa mikono yote miwili mfukoni. Akashika simu, akaweka kidole juu ya kipicha cha programu, akakibana mpaka kikaanza kucheza. Akaonyesha msalaba mdogo uliojitokeza pembeni.

"Hapa. Unabonyeza hapa, inauliza futa, unasema futa. Imekwisha. Haipo."

Fundi alijipiga kofi kwenye paji la uso.

"Mzee! Hiyo ni kung'oa kibao cha jina mlangoni! Nyumba yenyewe ipo, na taa zinawaka!"

"Unasemaje?"

"Ulichofuta ni picha kwenye simu. Akaunti ipo. Na siri zako zote zimo, zinakungoja."

Sonara alibaki na simu mkononi. Inspekta hakuitazama simu. Alikuwa anatazama mkono. Kipicha kilikuwa kinacheza, lakini mkono ulicheza zaidi. Ulitetemeka kuanzia kwenye kifundo, mtetemeko wa ugonjwa, si wa woga. Mtu mwenye mkono huo hakosei namba mara mbili tatu kwa kusahau.

Wala hasuki nyuzi za dhahabu nyembamba kama nywele.

Inspekta aliliweka hilo moyoni, akageukia kompyuta iliyokuwa mezani. "Fundi, kasha la zamani tunaweza kulifungua hapa?"

"Akiandika nywila yake, ndiyo."

"Mzee, karibu."

"Kuna haja gani, afande? Tumeshaona—"

"Karibu, mzee."

Aliandika, akakosea, akaandika tena. Fundi aligeuza uso akatazama ukuta, bila kuambiwa. Sajini alimwona, akasogea hatua moja mbali na stuli ile, kana kwamba hakuna tena cha kulinda.

Kasha la zamani likafunguka. Kila kitu kilikuwemo, na juu kabisa kulikuwa na taarifa kwa herufi nyekundu. Inspekta akaisoma kwa sauti.

"Mtu wako wa dharura ameomba kufungua kasha lako. Tumekutumia barua ya kukuuliza. Muda wa kungoja umepita bila wewe kukataa. Ombi limekubaliwa."

Nje, watu waliojazana kwenye kioo walisogea karibu zaidi, bila kujua kwa nini.

"Mtu wa dharura ni nini?" aliuliza Sajini.

"Ni yule unayemwamini," alisema Fundi. "Ukifa, au ukilala hospitali hujitambui, anaomba, kasha linamfungukia. Lakini kwanza linakuuliza wewe. Ukisema hapana, basi. Ukinyamaza, linahesabu umekubali. Zile barua pepe zilikuja, mzee."

"Barua pepe sifungui. Ni matangazo matupu." Sauti ya Mkono wa Dhahabu ilikuwa imeshuka.

"Na taarifa za kwenye simu zilitoka pamoja na kile kipicha," alisema Inspekta. "Uling'oa kengele, mtu akabisha hodi, hukusikia. Sasa, mzee, uliweka nani?"

"Sikumbuki."

"Ulimweka lini?"

"Zamani. Kabla ya kufanyiwa upasuaji wa kichwa. Daktari alisema huenda nisirudi, nikaweka mtu." Aliipa kompyuta mgongo. "Afande, basi. Tuishie hapa. Naondoa malalamiko yangu. Kidani kimepotea, Mungu atanipa kingine."

"Unajua ni nani."

"Nimesema naondoa!"

"Na mimi?" Fundi alisimama. Begi lilianguka, hakuliokota. "Mzee, na mimi? Umesimama hapo mlangoni ukawaambia watu wote mimi ni mwizi. Unaondoa malalamiko, mimi nabaki na nini? Watasema ameiba, mzee wa watu amemhurumia!"

"Nitakulipa usumbufu wako."

"Jina langu halilipwi kwa pesa!"

Alipaza sauti, na kioo kikatikisika. Inspekta Kupe alimtazama msichana yule na moyo wake ukajaa, kama vile ni wa kwake wa kumzaa.

"Kwa bahati mbaya, mzee," alisema, "mimi wananiita Kupe. Huniondoi kwa kunipuliza. Sajini, panda juu ukamlete—"

"Asipande. Nimeshuka."

Shangazi alikuwa kwenye ngazi ya mwisho. Mtandio ulikuwa begani. Na shingoni, juu ya gauni lake la kazi lililopauka, kidani kilikuwa kimekaa, nyuzi juu ya nyuzi, kimeshika mwanga wote uliokuwa chumbani. Sajini alivua kofia. Ukimuuliza leo kwa nini, hajui.

"Muache mtoto wa watu," alisema Shangazi. "Kidani ninacho mimi. Sefu nimefungua mimi."

"Dada!"

"Nyamaza, kaka. Umesema vya kutosha tangu asubuhi."

Inspekta alimvutia kiti. Shangazi hakukaa.

"Nieleze, mama."

"Kabla ya ule upasuaji aliniita hospitali. Akanionyesha kwenye simu yangu, akaniambia, dada, nikifa, karakana ni wewe, hakuna mwingine anayeijua. Akaniweka. Nililia siku ile. Mungu akamrudisha, lakini mikono haikurudi. Unaiona." Alisema hivyo bila ukali. "Tangu hapo kazi zote za nyuzi ni zangu. Usiku na mchana. Mteja akija mimi nafagia, mteja akitoka mimi nasuka. Nilikubali. Nilisema ni ndugu yangu, aibu yake ni yangu."

"Kilibadilika nini?"

"Alipohama kasha." Macho yake yakaanza kung'aa. "Nilikuwa pale kwenye meza nang'arisha. Huyu binti akamuuliza, mzee, kasha jipya tumweke nani mtu wa dharura? Akasema, mwanangu. Yule aliye ng'ambo, anayeuza simu, asiyeweza kutofautisha dhahabu na shaba. Binti akauliza tena, kuna mwingine? Akasema hakuna. Mimi nipo mita mbili, na kidani hiki mkononi. Hakuna!"

Fundi aliweka mkono mdomoni. Alikuwa anaikumbuka siku ile.

"Uliponiacha kule kwenye kasha la zamani, kaka, ulifikiri nimekufa na lenyewe? Nikajisemea, ngoja nibishe hodi. Kama ananithamini hata kidogo, ataona, ataniuliza, dada, unataka nini humo? Nilingoja uniulize. Kila asubuhi nakuletea chai, nangoja. Hukuuliza. Likafunguka lenyewe."

"Kwa nini kidani tu, na pete umeziacha?" aliuliza Inspekta, ingawa alikuwa anajua.

"Pete ni za duka. Hiki nimekitengeneza mimi. Kesho nilikuwa nakipeleka kwenye maonyesho kwa miguu yangu, nikiwa nimekivaa, na wangeniuliza nani kafanya, ningesema mimi. Sikujua kaka atamsingizia mtoto wa watu. Na nilipoona, mwanangu," alimgeukia Fundi, "nilichelewa kushuka. Niliogopa. Hilo ndilo kosa langu, si hiki cha shingoni."

"Anasema uongo, afande." Mkono wa Dhahabu alijaribu mara ya mwisho, na ilikuwa vibaya kumtazama. "Amechanganyikiwa. Kila mtu anajua hiyo ni kazi yangu."

Njia ya mwongo ni fupi, na Inspekta hakutaka kuirefusha. Alimwomba Shangazi ageuke.

"Vizuri. Mlalamikaji, tambua mali yako. Kifungue."

Mkono wa Dhahabu akasogea nyuma ya dada yake. Akainua vidole vinavyotetemeka, akatafuta kifungio. Akazungusha nyuzi kushoto, kulia. Akavuta. Hapakuwa na ndoano wala tundu. Kidani kilizunguka shingo kama vile kilisukiwa hapo hapo. Jasho likamtoka kwenye shati lile la pasi.

"Kinafunguka wapi?" alinong'ona.

Shangazi alipeleka dole gumba nyuma, akasukuma uzi mmoja ukateleza chini ya mwenzake. Kidani kikamwangukia kiganjani.

Kaka yake alikaa kwenye stuli ile aliyokalia Fundi. Alifunika uso, na mabega yakaanza kutikisika kama mikono.

"Nilijua nikisema mikono imekufa, watasema na mimi nimekufa," alisema. "Jina ndilo lililobaki, dada. Nilikuwa sina kingine."

"Ulikuwa na mimi."

Inspekta aliuliza swali la kipolisi, maana ndiyo kazi yake. "Karakana hii na dhahabu yake ni ya nani kisheria?"

"Baba alituachia wote wawili," alisema Mkono wa Dhahabu ndani ya viganja.

"Kumbe! Basi mtu haibi chake. Sajini, faili hili lina kidani kilichopatikana, ila halina mwizi." Akainama mpaka uso wake ukakaribia wa sonara. "Lakini lina aliyekashifiwa, na huyo yupo."

Mkono wa Dhahabu akamgeukia Fundi. "Binti, nisamehe. Nilikosa."

"Si hapa, mzee," alisema Fundi. Aliokota begi lake, akalipangusa. "Hukunitukana ndani."

Mzee aliinuka. Kwa mtu mwenye jina kama lile, hatua zile mpaka mlangoni zilikuwa ndefu kuliko safari ya hospitali. Lakini alizipiga, na mlango ukalia ulipofunguka. Nje walikuwepo wote: mshonaji na futi yake shingoni, mwenye duka la dawa, wateja, wapita njia. Fundi alisimama upande mmoja, Shangazi upande wa pili, kidani mkononi.

"Jamani!" alisema Mkono wa Dhahabu. "Huyu binti si mwizi! Aliniambia funga kasha la zamani, nikajifanya najua. Kosa ni langu. Hakugusa kitu changu, na leo hii siri zangu zote nampa tena azishike!"

Watu wakaguna, wengine wakapiga makofi. Mshonaji akasogea mbele, macho chini, akasema hata yeye alikuwa anauliza tu, hakuwa na nia mbaya. Fundi akamwambia ameelewa, na kwamba bei yake ya kubadilisha paswedi iko palepale.

Kisha Mkono wa Dhahabu akainamisha kichwa. "Na kidani," alisema, kwa sauti ya kumwambia mtu mmoja, "alikitengeneza dada yangu. Na vile vingine vyote."

Waliokuwa karibu walishtuka. Walio nyuma waliulizana, kasemaje? Shangazi hakusogea. Alikuwa amesimama wima, mtandio begani, anatazama mbele, na ungeapa ameongezeka kimo.

Fundi alimgusa mzee kiwiko kwa heshima zote.

"Hiyo ya pili, mzee," alisema, "kule mwisho hawajaisikia."

Mkono wa Dhahabu alivuta pumzi. Alimtazama dada yake, akamshika mkono ule mwekundu kwa mkono wake unaotetemeka, akauinua juu watu wote wauone. Akasema tena, na safari hii walisikia mpaka kwa muuza mikate.